Kabla Bumu Halijaisha: Namna ya Kuchagua Apskela ya PS2 kwa TV ya Flati

Bumu likitoka, watu hununua vitu. Wengine godoro, wengine simu, na siku hizi wapo wanaotafuta PlayStation 2 ya mtumba ili wakae chumbani wapige PES na washikaji, au waifungulie kibanda kidogo likizo wakirudi kwao. Kisha swali linakuja: "Mashine nzima, pedi nzima, lakini nikichomeka kwenye flati picha ina ukungu na mchezaji anachelewa kugeuka. Ninunue kifaa gani?"

Kifaa wanachokiulizia kinaitwa apskela, yaani kikuza picha. Hapa sitakutajia jina moja ukanunue. Nataka tujifunze kifaa hicho kinafanya kazi gani, kwa sababu mtu anayejua jina la kifaa bila kujua kazi yake huuziwa chochote kilichopo kwenye kabati la muuzaji.

Kwa kifupi, hoja yangu ni hii. Picha husafiri: inatoka kwenye mashine, inapita kwenye waya, inakuzwa mahali fulani, ndipo inafika kwenye kioo. Anza kutoa hela mwanzoni mwa safari hiyo, si mwishoni. Kilichopotea kwenye waya hakirudishwi na apskela, hata iwe ya milioni. Na kwa gemu, picha mbaya inayowahi ni bora kuliko picha nzuri inayochelewa.

Kwa nini bado tunaizungumzia PS2

PS2 ilitoka Japani Machi 2000 na ikaendelea kutengenezwa hadi karibu mwaka 2013. Ziliuzwa zaidi ya milioni 150 duniani, ndiyo maana mpaka leo spea zake zinapatikana na mafundi wanaijua kama wanavyojua redio. PES 2014 bado ilitolewa kwa PS2, miaka 13 baada ya mashine kuzaliwa. Kwa kijana mwenye mtaji mdogo, hii ndiyo mashine inayoweza kuingiza jero jero bila kumfilisi.

Shida ni kwamba ilitengenezwa kwa ajili ya TV ya chogo. Chogo zinakufa, na kinachouzwa dukani sasa ni flati tupu.

Chogo na flati zinasoma tofauti

Ndani ya chogo kuna mwale unaochora picha mstari kwa mstari, kutoka juu kwenda chini. Tanzania tulirithi mfumo wa PAL: mistari inayoonekana ni 576, lakini haichorwi yote kwa pamoja. Mwale unachora kwanza mistari 288, mmoja ndiyo mmoja hapana, kisha unarudi kujaza ile iliyorukwa. Hizo nusu picha huja 50 kwa sekunde, na jicho letu linaziunganisha lenyewe. Diski za Marekani na Japani hutumia NTSC, ambayo ina mistari 480 na nusu picha 60 kwa sekunde. Diski nyingi mtaani ni za kunakili, kwa hiyo kwenye begi moja unaweza kukuta za mifumo yote miwili.

Flati haina mwale. Ina nukta zilizopangwa kama vigae, na kila nukta lazima ijue rangi yake kwa wakati mmoja. Sasa tufanye hesabu. Picha ya PAL, hata tukiihesabu kwa ukubwa wake kamili, ni nukta 720 kwa 576, sawa na 414,720. Flati ya 1080p ina nukta 1920 kwa 1080, sawa na 2,073,600. Ukigawanya unapata 5 kamili. Flati ya 4K ina 8,294,400, yaani mara 20. Maana yake, kila nukta moja inayotoka kwenye PS2 inatakiwa izae tano au ishirini. Nukta za ziada hazitoki kwenye mashine. Kuna mtu anazibuni njiani, na huyo mtu ndiye apskela.

Na hapa wengi hawajui kitu kimoja: kila flati ina apskela yake ndani. Ukichomeka waya wa AV na ukaona picha, tayari kuna kifaa kimeikuza. Kwa hiyo swali si "nahitaji apskela au sihitaji?" Swali ni "ile iliyomo ndani ya TV yangu inaifanya vizuri na kwa haraka kiasi gani, na je, ya nje itaishinda?"

Kazi tatu za apskela

Ya kwanza ni kukuza. Hapa ndipo picha inapopata ukungu au ngazingazi kwenye mistari ya uwanja. Ndani yake kuna suala la umbo pia. Chogo ilikuwa na uwiano wa 4 kwa 3, flati ni 16 kwa 9. Kifaa kikiivuta picha ijaze kioo chote, kila kitu kinanenepa kwa theluthi moja: mpira unakuwa yai na beki anakuwa kabati. Kifaa kizuri kinakuachia uamuzi, unabaki na vipande vyeusi pembeni na mpira wa duara.

Ya pili ni kuunganisha zile nusu picha. Kuna njia tatu. Ya kwanza, kila nusu inavutwa iwe picha nzima peke yake: inawahi sana, lakini picha inatetemeka. Ya pili, nusu mbili zinasukwa pamoja: kitu kilichotulia kinapendeza, ila mchezaji akikimbia anaota meno kama kitana. Ya tatu, kifaa kinaangalia sehemu gani imesogea na ipi imetulia, kisha kila sehemu kinaifanyia lake. Hii ndiyo bora kwa macho, lakini hudai muda na chip ya maana.

Ya tatu ni kuwahi. TV nyingi za kisasa hupenda kuipamba picha: kunoa, kulainisha mwendo, kuongeza rangi. Ili zifanye hivyo lazima ziizuie picha kidogo kabla ya kuionyesha. Kwa taarifa ya habari huwezi kugundua. Kwa gemu utagundua. Flati isiyowekwa modi ya gemu inaweza kuchelewesha hata milisekunde 100. Kwenye PAL kila nusu picha huchukua milisekunde 20, kwa hiyo wewe unaona mambo yaliyotokea nusu picha tano zilizopita. Binadamu wa kawaida huchukua kama milisekunde 200 hadi 250 kujibu kitu alichokiona. Ongeza 100 hapo, na kipa wako amekwisha.

Kilichotokea Kifaru

Nitatoa mfano wa nyumbani. Kifaru iko pembeni mwa barabara kuu, ukitokea Himo kabla hujafika Mwanga, milima ya Upare ikiwa upande wako wa kushoto. Mjomba wangu ana kibanda cha gemu pale. Si biashara ya mchezo, maana michango yangu ya shule ilitoka kwenye zile jero.

Chogo yake ya inchi 21 ilipokufa, kioo kikabaki na mstari mmoja mwembamba wa mwanga katikati, fundi akasema spea yake haipatikani tena. Mjomba akakopa VICOBA, akanunua flati ya inchi 43. Kwa mfano wa hesabu, tuseme TV kama hiyo ni laki sita: kwa jero kila gemu, ni gemu 1,200 kabla hujalipa umeme wala riba. Kila mteja anayehama anarefusha deni.

Na wateja walianza kuhama. Maneno yao yalikuwa yaleyale: "Anko, pedi nzito." Mjomba akabadilisha pedi. Nzito. Akabadilisha tena. Nzito vilevile. Watoto wa shule walikuwa wanalipa, wanafungwa magoli ya kijinga, wanaondoka kwenda kwenye kibanda kingine chenye chogo kuukuu. Kisha muuzaji mmoja akamwambia suluhisho ni kisanduku cha kugeuza AV kuwa HDMI, chenye maandishi ya 1080p juu yake. Akakinunua. Picha ikanenepa, na uzito haukupungua.

Likizo niliporudi nikamkuta amekaa nje ya kibanda. Nikamsalimia, akaitikia, kisha akasema, "Mjomba, hebu waulize wenzako huko chuo. Mimi hii TV itaniua."

Tukakaa tukaifuata picha safari yake yote. TV yenyewe ilikuwa na tundu za AV, kwa hiyo kile kisanduku kilikuwa kinakuza picha mara ya kwanza, kisha TV inaipokea na kuipamba tena. Kazi moja, vibarua wawili, na wote wanataka kulipwa muda. Tukakitoa. Nyuma ya TV kulikuwa pia na tundu za komponenti, zile za kijani, buluu na nyekundu. Tukatafuta waya wa komponenti wa PS2. Tukaingia kwenye mipangilio ya TV, tukawasha modi ya gemu, tukazima kulainisha mwendo na kunoa, tukarudisha uwiano wa 4 kwa 3. Basi. Jioni ile walikuja vijana wawili, wakapiga gemu tatu mfululizo, na hakuna aliyetaja pedi.

Sitakudanganya kwamba ilikuwa sawa na chogo. Wapo wazee wa kazi ambao mpaka leo wanasema chogo inawahi zaidi, na wako sahihi. Ila wateja wengi walirudi, na deni la VICOBA likaanza kushuka.

Ngazi za kununua, kuanzia chini

Panda ngazi moja moja, usiruke.

Ngazi ya kwanza ni bure. Washa modi ya gemu. Zima mapambo yote ya picha. Weka 4 kwa 3. Ukiridhika, hela yako ibaki mfukoni. Angalizo: kwenye baadhi ya TV modi ya gemu inafanya kazi kwenye HDMI tu. Kama yako ni ya aina hiyo, kifaa cha nje kinaweza kuwa na maana.

Ngazi ya pili ni waya. Ule wa njano unabeba mwanga na rangi zote vikiwa vimechanganywa kwenye uzi mmoja, kama ugali na mboga kwenye kifuko kimoja. Ukifika hutavitenganisha vizuri. Komponenti inavibeba kwenye nyaya tatu, na tofauti utaiona kwenye majina ya wachezaji na mistari ya uwanja. Kabla hujabadilisha waya, ingia kwenye mipangilio ya PS2 ukiwa bado unatumia ule wa njano, tafuta sehemu ya komponenti, uchague Y Cb/Pb Cr/Pr badala ya RGB. Usipofanya hivyo picha itakuja na rangi za ajabu, utadhani waya ni feki.

Ngazi ya tatu ni konveta ndogo, na hapa kuna ndugu wawili wanaofanana sura lakini si tabia. Mmoja ni kile kisanduku cha AV kwenda HDMI. Kinapokea waya wa njano, kwa hiyo kinaanza na picha iliyokwisha kuharibika. Kisha vingi vyake huivuta ijaze kioo, na hutoa picha 60 kwa sekunde tu. Diski yako ikiwa ya PAL ya 50, katika kila picha tano lazima moja irudiwe, na mchezaji akikimbia anastuka-stuka. Ndugu wa pili ni kile kichomeko cha PS2 kwenda HDMI kinachokaa nyuma ya mashine. Hiki huchukua rangi zilizotenganishwa na kuzigeuza kuwa za kidijitali. Lakini elewa: hakikuzi chochote, kazi ya kukuza inabaki kwa TV. Kwa TV isiyo na komponenti hiki ni bora zaidi kuliko kisanduku, ilimradi TV yako ikubali 576i au 480i kupitia HDMI. Baadhi zinakataa. Mwambie muuzaji mjaribu kwenye TV yako kabla hujalipa. Vyote viwili huuzwa nje kwa chini ya dola 20, kwa hiyo usikubali kuuziwa kama mashine ya hospitali.

Ngazi ya nne ni apskela za kweli. OSSC, iliyobuniwa na Markus Hiienkoski wa Finland, mipango yake iko wazi kwa yeyote kuitengeneza, na inazidisha mistari bila kuizuia picha, hivyo uchelewaji wake ni kama hakuna. Lakini kwa nusu picha za PS2 inatumia njia ile ya kwanza, utaona mtetemo, na si kila TV itaipokea. Tena haina tundu la waya wa njano. RetroTINK za Mike Chi wa Marekani ni familia nzima: 5X-Pro inaunganisha nusu picha kwa njia ya tatu niliyoieleza, na bei yake ni zaidi ya dola 300. RetroTINK 4K ilitoka mwishoni mwa 2023 kwa dola 750, bado usafiri na kodi. Ni vifaa vizuri mno. Ila kwa kibanda cha jero au chumba cha hosteli, hiyo ni hela ya kununulia PS2 nyingine kadhaa pamoja na TV zake.

Kuna ngazi ya pembeni kwa wale wa elektroniki: bodi ya GBS-8200. Ilitengenezwa ili mashine za zamani za gemu za mitaani zitumie monita za VGA. Programu yake ya kiwandani ni ya hovyo, lakini ukiiunganisha na ESP8266, kale kachip ambako wengi wenu mmekatumia kwenye miradi, na kuipakia programu huria ya GBS-Control, inapokea komponenti na kuunganisha nusu picha vizuri. Inatoa VGA, na monita za VGA zimejaa kwenye stoo za vyuo. Mradi wa wikiendi huo.

Pima mwenyewe

Usiniamini mimi wala muuzaji. Simu nyingi zina kamera ya mwendo wa polepole ya picha 240 kwa sekunde. Kila picha ni kama milisekunde 4.2. Mpe rafiki pedi, mrekodi kidole chake na kioo vikiwa kwenye fremu moja, abonyeze kitufe cha kupiga mpira. Kisha hesabu picha kuanzia kidole kinapobonyeza hadi mchezaji anapoanza kuinua mguu. Rudia mara kumi, tafuta wastani. Fanya hivyo kwa modi ya gemu ikiwa imezimwa, kisha ikiwa imewashwa. Kwa kifaa, kisha bila kifaa.

Tuseme umepata wastani wa picha 44 upande mmoja na 20 upande mwingine. Tofauti ni 24, mara 4.2, ni karibu milisekunde 100. Sehemu ya hizo picha 20 ni gemu lenyewe na pedi, hizo huwezi kuziondoa. Ndiyo maana tunalinganisha tofauti, hatutazami namba moja peke yake. Yule anayesema "pedi nzito" sasa ana ushahidi, na wewe una sababu ya kununua au kutonunua.

Kama bado una chogo nzima, itunze, na iwe kipimo chako cha kulinganishia. Usiifungue mwenyewe: ndani kuna umeme wa zaidi ya volti 20,000 ambao hubaki hata baada ya kuchomoa, na kioo chake kina risasi, hivyo kukivunja uani si jambo la kufanya mbele ya watoto.

Na sisi wa ualimu

Mwaka huu wengi wetu tutakwenda mazoezi ya kufundisha. Kuna shule utakuta deki ya DVD yenye AV tu, na projekta mpya yenye HDMI tu, vyote vimefunikwa kitambaa kwa sababu "haviingiliani". Hapo kile kisanduku nilichokisema vibaya ndicho kinachofaa. Filamu ya mmeng'enyo wa chakula haina pedi. Ikichelewa milisekunde 100, sauti na picha zinachelewa pamoja na hakuna mwanafunzi atakayefungwa goli. Unachohitaji kurekebisha ni uwiano tu, ili tumbo lisinenepe. Kifaa kilekile kinaweza kuwa kibaya Kifaru kwenye kibanda na kizuri darasani hatua mia mbili kutoka hapo, kwa sababu kazi si ileile.

Kwa hiyo kabla bumu halijakutoka, jiulize kwa mpangilio huu. TV yangu ina tundu gani nyuma? Modi ya gemu nimeiwasha? Waya wangu unachanganya rangi au unazitenganisha? Diski zangu ni za 50 au za 60? Nani anakuza picha, na ni mmoja au wawili? Nimepima? Ukimaliza maswali hayo sita na bado una sababu ya kununua apskela, nunua. Wengi hamtafika huko, na hiyo hela mtakula nayo wiki mbili.